Nilikubali posa kwa moyo wote, sasa moyo umebadilika

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 28, ni mhasibu katika kampuni moja hapa Morogoro. Miaka minne iliyopita nilimkubali kijana wa Songea, na mwaka jana akaleta posa nyumbani. Mahari ilipangwa milioni 3, wameshatoa milioni 2. Tulikubaliana kwamba tukioana nitaacha kazi, nihamie Songea, nisimamie duka lake la vifaa vya ujenzi. Wakati ule nilitaka hivyo kweli. Sasa nimebakiza ngazi ya mwisho ya mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu), kazi naipenda, na nikiifikiria Songea nakosa usingizi. Kuna siku naona shida ni kuhama tu, kuna siku naona hata yeye simtaki tena. Hajanikosea kitu. Zimebaki wiki saba kufikia sendofu na wiki nane kufikia harusi, na kamati za pande zote mbili zinachangisha. Nilipomgusia mdogo wangu aliniita kigeugeu. Baba anasema neno lake ameshalitoa. Je, nifunge tu ndoa, nitazoea? – M., Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Usifunge ndoa kwa kutegemea kwamba utazoea. Naanza na jibu hilo kwa sababu muda wako ni mfupi na sitaki ulitafute katikati ya maneno. Wiki nane zinatosha kusema ukweli, kusikilizana na kurudisha vya watu kwa heshima. Zikibaki wiki mbili, ukweli uleule utasemwa kwa kelele, na gharama yake itakuwa mara tatu.

Jua kwanza sheria imesimama wapi, maana wengi hudhani mahari ikishapokelewa binti amefungwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 16 kwamba hakuna ndoa itakayofungwa bila ridhaa ya wote wawili, iliyotolewa kwa hiari. Ridhaa hiyo inahitajika siku ya ndoa yenyewe, si siku ya posa peke yake. Ukishafunga, mambo ni mengine. Kifungu cha 100 hakiruhusu ombi la talaka kabla ya ndoa kutimiza miaka miwili, mpaka mahakama itoe kibali maalumu, na kifungu cha 101 kinadai, isipokuwa katika hali chache, kwamba shauri lipite kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Na kama ninyi ni Wakatoliki, kanisa halina talaka kabisa. Kwa hiyo anayekuambia "funga kwanza, mengine yatajipanga" anakutoa kwenye mlango uliofunguka anakupeleka kwenye uliokomewa.

Sasa hilo la kigeugeu. Mdogo wako amekuumiza, naona kwa jinsi ulivyoliandika. Mtu anayebadilika kila wiki kwa kumfuata aliyezungumza naye mwisho, huyo ana tatizo la kutulia, na ahadi zake watu wana haki ya kuziogopa. Wewe ulikubali ukiwa na miaka 24, ukiamini hivyo, na baada ya hapo yakatokea mambo yanayoonekana: umesoma, umefaulu ngazi kwa ngazi, umeaminiwa kazini. Aliyekaa miaka minne bila kubadilika chochote ndiye wa kushangaza. Hata hivyo, ulitoa ahadi, na watu wamekula gharama kwa kuiamini. Haki ya kubadili nia unayo. Gharama ya kuibadili nayo ni yako, na sehemu kubwa ya barua hii itakuwa juu ya kuilipa vizuri.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo kwenye barua yako ambalo limenifanya niisome mara ya pili. Umeandika mambo mawili tofauti na umeyachanganya: hutaki kuacha kazi na kuhamia Songea, na humtaki yeye. Ni mambo mawili. La kwanza huenda likazungumzika, la pili halina mazungumzo mengi. Tena umenieleza yote yaliyobadilika kwako, ila hujaandika hata mstari mmoja juu ya yaliyobadilika kwake. Mpango wa duka mliuweka miaka minne nyuma. Je, umemuuliza leo anauonaje? Wewe umekua katika muda huo, naye hakukaa amesimama. Huenda ana wazo la kufungua tawi mahali pengine na anaogopa kukwambia kwa sababu anadhani wewe bado unaitaka Songea. Huenda pia ameshikilia palepale. Hujui, na huwezi kumwamulia mtu kwa kutumia maneno yake ya zamani huku wewe mwenyewe ukiomba usishikiwe yako.

Ili utenganishe hayo mawili, chukua karatasi, jifungie jioni moja. Upande mmoja andika kila kitu ulichokubali siku ile: kuhama, kuacha kazi, duka, kuishi jirani na wakwe, lini mtapata watoto, fedha zitashikwaje. Mbele ya kila kimoja andika msimamo wako wa leo: bado nataka, sitaki, sijui. Kisha jiulize: kama angesema, "Baki Morogoro, maliza mitihani, mimi nitakuja huko," kifua chako kingefunguka, au ungetafuta sababu nyingine? Na kama yeye ndiye angekupigia kesho kusema ameghairi, ungelia kwa kumkosa au ungeshusha pumzi? Jibu kwa lile linalokuja kwanza. Rudia zoezi hilo baada ya siku tatu bila kutazama majibu ya mwanzo, kisha linganisha. Hofu ya harusi hupanda na kushuka. Wiki ya kushona nguo inakuwa juu, wiki ya utulivu inapungua. Nia iliyobadilika hutoa majibu yaleyale hata siku ambayo umelala vizuri na hakuna aliyekuudhi.

Zoezi hilo lisizidi siku saba, kwa sababu kila siku kuna mtu anatoa fedha. Kesho hiyohiyo mpigie mwenyekiti wa kamati yenu, umwambie kwa faragha: "Mjomba, naomba tusilipe kitu kipya mpaka kikao kijacho. Kuna jambo mimi na mwenzangu tunalizungumza." Usieleze zaidi. Mwenyekiti mzoefu ataelewa, na atazuia malipo ya pili ya ukumbi na mpambaji, ambayo aghalabu ndiyo yasiyorudi. Kama barua za matangazo ya ndoa hazijapelekwa kanisani, zisipelekwe. Jina likishasomwa Jumapili ya kwanza, watu wanaohesabu kwamba wamehusika huongezeka kwa mamia.

Ukishapata jibu lako, mtu wa kwanza kulisikia ni yeye, kabla ya mama, kabla ya mdogo wako, kabla ya rafiki yeyote. Likimfikia kwa njia ya pembeni, mazungumzo yote yatakuwa juu ya aibu na hakuna mtakalosikilizana. Usimwambie kwa simu wala kwa ujumbe. Kukutana Iringa kunawafaa, kila mmoja apande basi lake. Mchana, kwenye mgahawa uliotulia, na uwe na nauli yako ya kurudi na mahali pa kulala pasipomtegemea yeye. Kama una hofu kwamba anaweza kukupiga, usiende peke yako, na hofu hiyo yenyewe ihesabu kuwa jibu.

Kama shida yako ni kuhama tu, mwambie hivi: "Tulipopanga mambo ya duka nilimaanisha. Nimebadilika. Nataka kumaliza mitihani na kuendelea na kazi yangu, na siwezi kuhamia Songea. Naomba unieleze wewe leo unataka nini, usinijibu kwa tulivyopanga zamani." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu: wakiona mwenzao kakunja uso, wanajaza ukimya kwa "lakini kama unaona vigumu basi tutaona." Ukisema "tutaona," yeye atasikia "ndiyo," na atarudi Songea kuendelea na maandalizi.

Anaweza kukukubalia palepale kila kitu. Usikatae, lakini usishangilie. Ahadi inayotolewa mezani ili harusi isivunjike bado haijawa mabadiliko. Mpe wiki tatu, na mkubaliane kusogeza tarehe. Katika muda huo angalia mambo mawili: je, amewaambia wazazi wake kwamba hamtaishi Songea? Je, amechukua hatua yoyote yenye gharama kwake, kama kutafuta fremu Morogoro au msimamizi wa duka la kule? Mtu aliyebadilika kweli hujulikana kwa watu aliowaambia. Akikuambia "tusiwaambie wazee kwanza, tukishaoana nitawaeleza," mwanangu, hapo hakuna kilichobadilika. Wewe nawe ujiulize unatoa nini. Huwezi kudai yeye ahame kila kitu nawe usisogee hata hatua.

Kama jibu ni kwamba humtaki tena, maneno yawe machache zaidi. "Nimefikia uamuzi kwamba sitaolewa na wewe. Hukunikosea. Nilipokubali nilimaanisha, na leo sina tena nia hiyo. Wazazi wangu nitawaambia wiki hii, na kila kilichotoka kwenu kitarudi." Atauliza kwa nini, na ana haki ya kujibiwa, ila usitafute makosa yake ili uamuzi wako uonekane mzito. Ukisema ni kwa sababu hakupigi simu za kutosha, kesho atapiga simu 20, nawe utabaki huna sababu. Usiseme pia kwamba umeota, au kwamba mtumishi fulani amekuonya, au kwamba unaumwa. Sababu ya uongo ina dawa yake. Watakutafutia hiyo dawa, na ukishapona utaulizwa tarehe.

Akikasirika muache akasirike. Akisema maneno makali siku hiyo, usiyapeleke kwa watu kama ushahidi wa tabia yake. Mtu aliyeambiwa habari kama hiyo hapaswi kuhukumiwa kwa saa ya kwanza.

Nyumbani anza na mama, au shangazi yako ambaye baba humsikiliza, siku hiyohiyo unaporudi. Kisha mwende ninyi wawili tu kwa baba. Msijaze sebule kwa mashangazi na wajomba, kwa sababu mzee akizungukwa na watu atatetea heshima yake mbele yao, na atasema jambo ambalo kesho atashindwa kulirudisha. Baba anasema ametoa neno. Mkumbushe kwa adabu kwamba alilitoa baada ya wewe kuitwa na kuulizwa kama unawafahamu wageni na kama mahari ipokelewe. Neno lake lilisimama juu ya lako, na lako leo ndilo limebadilika, kwa hiyo lawama ni yako na umekuja kuibeba mwenyewe. Mwambie hivyo waziwazi, ukiwa umekaa, bila kulia kama utaweza.

Siku ya kwanza baba atakataa. Jiandae kwa hilo, na usilichukulie kuwa jibu lake la mwisho. Wewe ulihitaji miezi kufika hapo ulipo, yeye umempa dakika kumi. Aga, ondoka, rudi baada ya siku mbili au tatu. Ukirudi, mpe maneno ambayo ataweza kuyasema mbele ya wazee wenzake bila kuinamisha kichwa: "Binti yangu amesema mapema, kabla ya kanisa kutangaza, na kila kilichopokelewa kinarudi." Wazazi wengi wanaogoma hugoma kwa sababu hawaoni sentensi ya kutokea. Akishaipata, utashangaa anavyolegea. Na akilegea, usimkumbushe alivyokataa Jumatatu. Mpe naye nafasi hiyohiyo unayoiomba.

Kutoka hapo si kazi yako kwenda kwa wakwe. Baba au mdogo wake atampigia mshenga na kumwita. Mshenga ndiye aliyeleta, ndiye atakayepeleka. Ukimruka ukawapigia wazazi wa kijana mwenyewe, utakuwa umewavunjia heshima mara mbili.

Mahari sasa. Kifungu cha 71 cha sheria ile kinamruhusu aliyetoa zawadi kwa matarajio ya ndoa ambayo haikufungwa kudai irudishwe, mahakama ikiridhika kwamba ilitolewa kwa sharti la ndoa. Msisubiri kudaiwa. Tafuteni karatasi ya makubaliano iliyoandikwa siku ya mahari, ile yenye majina ya mashahidi wa pande zote. Milioni 2 huenda sasa hivi hazipo. Zinaweza kuwa zimegawanywa kwa wajomba au zimeingia kwenye maandalizi. Ulizia mapema zilikokwenda, na wewe mwenye mshahara anza kutenga. Kama hazipatikani kwa mkupuo, pelekeni milioni 1 siku ya kwanza na iliyobaki kwa tarehe iliyoandikwa, isiyozidi miezi mitatu, mshenga na mashahidi wawili wakiweka saini. Awamu zikizidi mbili, huzaa maneno. Chakula kilicholiwa siku ya posa hakihesabiwi. Vitu kama mablanketi na vitenge virudi kama bado havijatumika, na kama vimetumika ulizeni, kwa kuwa desturi za makabila zinatofautiana na wazee wa pande mbili ndio wanaojua. Pete irudishe mwenyewe siku ile ya Iringa, kabla hajaiomba.

Upande wake nao umetumia fedha. Kifungu cha 69 kinaruhusu kudai fidia kwa ahadi ya ndoa iliyovunjwa, lakini kiasi hakiwezi kuzidi hasara halisi ya gharama zilizotokana moja kwa moja na ahadi hiyo. Hakuna bei ya aibu wala ya miaka aliyokusubiri. Wakileta risiti za ukumbi na suti, zungumzeni kwa uungwana, na kama una uwezo changia. Wakileta hesabu isiyo na risiti, hapo mshenga ndipo anapofanya kazi yake.

Michango ya kamati yenu ndiyo inayovuruga majina ya watu kwa muda mrefu kuliko mahari, kwa sababu imetoka kwa wafanyakazi wenzako na majirani. Mwombe mweka hazina akuandalie orodha yenye jina, kiasi kilichoingia (ahadi zisizolipwa zifutwe), na njia kilikopitia. Tuseme zimeingia 6,400,000, na 1,600,000 zimeshalipwa kwa ukumbi na kadi na hazirudi. Zimebaki 4,800,000, yaani robo tatu. Aliyetoa 50,000 anarudishiwa 37,500. Ukiweza kujazia pengo hilo kwa mshahara wa miezi kadhaa, jazia. Hakuna kitakachorudisha imani ya watu haraka kama hicho. Kabla ya kukubali kwamba fedha za ukumbi zimepotea, mwenyekiti aende mwenyewe kuongea na mwenye ukumbi, maana tarehe ikiuzwa kwa mwingine wapo wanaorudisha sehemu. Ujumbe kwa wachangiaji utoke kwa mwenyekiti, siku moja, kwa wote: "Ndugu, shughuli yetu haitakuwepo. Familia inawashukuru. Michango itaanza kurudishwa tarehe fulani kupitia namba mlizotumia." Basi. Asieleze sababu, nawe usijibu maswali kwenye kundi la WhatsApp. Atakayesema "yangu baki nayo" ashukuriwe, na iandikwe kwenye orodha kwamba amesamehe.

Kitakachokukabili baadaye ni kimya. Simu za kamati zitakoma, watu watakukwepa kidogo, na kwenye wiki ya tatu au ya nne utaanza kujiuliza kama ulikosea. Wakati huo usimpigie usiku. Upweke unafanana sana na mapenzi ukiwa peke yako, na ukimrudia kwa sababu hiyo utamvunja mara ya pili. Jiwekee muda, miezi mitatu walau, na katika muda huo soma. Mitihani ya NBAA ya Novemba haitangoji mambo haya yaishe. Baada ya miezi mitatu, kama bado unamtaka na yeye anakutaka, hakuna ubaya kubadili nia tena, lakini muanze uchumba upya kama watu wawili wa leo, kwa mazungumzo mapya ya mahali pa kuishi na kazi. Msiifufue mahari ya zamani na tarehe yake.

Naye akioa mwingine mwakani, usiseme hakukupenda. Ametoka alipokuwa, kama wewe ulivyotoka.

Mdogo wako muite baada ya kuzungumza na baba, umweleze mwenyewe bila ugomvi. Ametamka neno moja akiwa ameshtuka, na ana umri wa kulifikiria upya.

Kwa sasa kazi zako ni mbili. Mwenyekiti wa kamati apigiwe kesho asubuhi kabla hujaingia kazini, na karatasi ile uianze jioni.

Shangazi